Mbwa Mkubwa Aliyekomaa: Unachokiona Bandani na Unachokipeleka Nyumbani

Watu wengi wanaofika katika kituo cha KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama kilichoko kando ya Barabara ya Lang'ata huko Karen, Nairobi, hufika wakiwa wamekwisha kuamua moyoni kwamba watatoka na mtoto wa mbwa. Hupita mbele ya mabanda ya mbwa wakubwa kwa hatua za haraka, wakitishwa na kishindo cha mnyama wa kilo 35 anayerukia wavu na kubweka mpaka sauti inamkauka, kisha hupunguza mwendo wanapofika palipo na vitoto vilivyolaliana kwenye kona. Hoja yao ni ya zamani na ina heshima yake: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto, wanasema, utamlea upendavyo, lakini mbwa aliyekomaa amekuja na mambo yake na hujui alikotoka.

Hoja hiyo ninaielewa, ila nimekuja kuamini kwamba inakosea mara mbili. Inamdhania mtoto kuwa mbichi kuliko alivyo, na inamhukumu mbwa aliyekomaa kwa mahali alipokutwa. Kuchukua mbwa mkubwa aliyekomaa ni jambo lenye nyuzi nyingi zilizosokotana, za tabia, ulinzi, afya, lishe, hata dini, na anayezivuta zote kwa pamoja huishia kukaza fundo. Afadhali zifunguliwe moja moja.

Tuanze na namna wanavyofika kituoni, kwa sababu hapo ndipo dhana ya "mbwa aliyeharibika" huzaliwa. Wapo waliookotwa barabarani na wapo walionyang'anywa watu waliowatesa, lakini wengine wengi waliletwa na wenyewe kwa sababu zisizohusu tabia ya mbwa hata kidogo. Mitaa kama Kilimani na Kileleshwa, iliyokuwa na nyumba zenye bustani pana, imejaa magorofa, na familia inayohamia ghorofa ya sita haina pa kumweka mbwa aliyezoea kuzunguka uwanja mzima. Kuna watumishi wa mashirika ya kigeni ambao mikataba yao huisha na hawawezi kusafiri na mnyama mkubwa. Kuna wazee wanaofariki na watoto wao wanaishi mbali. Na kuna lile jambo la kawaida kuliko yote: mtoto wa German Shepherd au wa Boerboel hununuliwa akiwa anabebeka kwa mkono mmoja, na baada ya mwaka mmoja mwenye nyumba anagundua kwamba amefuga mnyama anayekula kuliko alivyopanga na mwenye nguvu za kumwangusha mtu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mhudumu, kabla hata ya kuuliza umri au aina, ni hili: alifikaje hapa? Mbwa aliyeletwa na mwenyewe huja na historia, angalau ya nusu ukweli. Aliyeokotwa huja bila neno, na huyo itabidi asomwe kwa macho.

Sasa, kuhusu ubichi wa samaki. Wanasayansi John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walionyesha kwamba kuna kipindi katika maisha ya mbwa, kuanzia wiki ya 3 hivi hadi wiki ya 12 au zaidi kidogo, ambacho akili yake hupokea kwa urahisi watu, sauti na viumbe wengine kama sehemu ya ulimwengu ulio salama. Kipindi hicho kikipita, kujifunza hakukomi, lakini kunahitaji muda na subira zaidi. Mtoto wa miezi mitatu aliyetolewa chini ya kibanda cha mboga tayari amepitia sehemu kubwa ya kipindi chake bila wewe kuwapo. Tena, mara nyingi baba yake hajulikani, na hivyo huwezi kujua kama atakoma kwenye kilo 15 au atafika 40. Anayemchukua kwa kutazama uso tu ananunua mbuzi kwenye gunia.

Mbwa aliyekomaa hana mambo hayo ya kubahatisha. Kimo chake ndicho hicho. Manyoya yake ndiyo hayo. Kama anapenda watoto, kama anawinda kuku, kama anaogopa ngurumo za mvua, yote hayo yamo ndani yake tayari na yanaweza kugundulika. Na hapa inafaa kuonya juu ya mazoea ya kumsoma mbwa kwa aina yake: masikio yamesimama, basi ni German Shepherd, basi ni mkali. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, ulioongozwa na Kathleen Morrill na kukusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Mbwa wengi wakubwa katika vituo vyetu ni machotara wa damu za kigeni na za kienyeji, kwa hiyo hata hiyo asilimia 9 haitegemeki kwao. Mtazame yeye mwenyewe.

Ugumu ni kwamba bandani hayupo yeye mwenyewe. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayekwenda kituoni alielewe kabla ya kushuka kwenye gari. Mbwa anapoingizwa mahali pageni, penye harufu za mbwa wengine makumi kadhaa na kelele zisizokoma, mwili wake hujaa homoni ya mfadhaiko iitwayo kortisoli. Watafiti wa Marekani waliopima damu za mbwa wa kituoni katika miaka ya 1990 walikuta kwamba katika siku tatu za mwanzo kiwango hicho kilikaribia mara tatu ya kile cha mbwa waliopimwa majumbani mwao. Mnyama aliye katika hali hiyo hufanya mojawapo ya mambo mawili. Wa kwanza huvamia wavu. Anakuona, anataka kukufikia au kukufukuza, wavu unamzuia, na hasira ya kuzuiwa inajilisha yenyewe siku baada ya siku. Mtoe nje umbali wa mita hamsini, mahali penye nyasi na pasipo na kelele, na mara nyingi utamkuta ni mbwa mwingine kabisa, anayenusa ardhi kwa dakika kumi kana kwamba anasoma gazeti la wiki nzima.

Wa pili hunyamaza. Hulala nyuma ya banda, haji ukimwita, na mgeni humwita mpole. Huyu ndiye anayewapotosha watu zaidi, kwa kuwa utulivu wake huenda ukawa ni woga uliomgandisha. Angalia mwili wake kwa karibu. Mbwa aliyetulia kweli huwa na mdomo uliolegea na mgongo laini, na mkia wake huning'inia bila kubanwa. Aliyeganda hufunga mdomo kwa nguvu, hulamba pua mara kwa mara ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, na ukimsogelea huzungusha jicho bila kugeuza kichwa hata uone weupe pembeni. Huyo usimwinamie wala usimshike kichwani. Keti chini, mpe ubavu, tazama kwingine, ngoja. Akija kukunusa mgongoni, amekwisha kukuambia mengi.

Hata vipimo rasmi vina mipaka yake. Katika vituo vingi duniani imekuwa desturi kumpima mbwa kwa kusogeza mkono bandia kwenye bakuli lake la chakula ili kuona kama atang'ata. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa kuwafuatilia mbwa baada ya kuchukuliwa ulikuta kwamba sehemu kubwa ya waliolinda bakuli kituoni hawakufanya hivyo walipofika nyumbani, na baadhi ya waliofaulu kipimo walianza kulinda chakula baadaye. Kwa hiyo omba kurudi siku nyingine. Omba kutembea naye mara mbili au tatu, saa tofauti. Kituo chenye wahudumu makini hakitakuona msumbufu, kwa kuwa nao huuliza maswali mengi na mara nyingi hutaka kuiona nyumba yako kabla ya kumtoa mbwa.

Nenda pia na mtu ambaye kwa kweli ndiye atakayemlisha. Katika nyumba nyingi za Nairobi zenye uwanja wa kutosha mbwa mkubwa, mwenye nyumba hutoka alfajiri na kurudi jioni, na anayekaa na mbwa mchana kutwa ni bawabu au mfanyakazi wa nyumbani. Mara nyingi watu hawa huletewa mnyama wa kilo 40 bila kuulizwa neno, na wengine wamewahi kung'atwa utotoni. Mtu anayemwogopa mbwa humrushia chakula kwa mbali au humfukuza kwa fagio, na mbwa hujifunza haraka kwamba fagio na mtu huyo ni kitu kimoja. Nimeona mipango mizuri ikivunjika kwa sababu hii kuliko nyingine yoyote. Kama bawabu hakuridhika, mbwa huyo si wa nyumba hiyo, hata kama watoto wamekwisha kumpenda.

Hapo tunaingia kwenye ulinzi, kwa sababu tusijidanganye: wengi wetu tunaotaka mbwa mkubwa tunataka alinde. Sioni aibu katika hilo. Tatizo liko katika imani kwamba mbwa hulinda vizuri akifungwa mnyororo mchana kutwa, akilishwa kidogo na kupigwa mara kwa mara ili "awe mkali". Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anachokiogopa, na mnyama asiye na njia ya kukimbia hujifunza kushambulia kwanza. Ukali huo hauchagui. Humpata mtoto wa jirani aliyekuja kuchukua mpira kabla haujampata mwizi. Nchini Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hata kama kusingekuwa na sheria, mnyororo ungebaki kuwa mbinu mbovu ya ulinzi. Kinachomzuia mhalifu ni sauti nzito upande wa pili wa ukuta na ukubwa wa kiumbe anayeitoa, na mbwa mkubwa aliyekomaa anavyo vyote viwili bila kufundishwa. Anachohitaji ni kupaona mahali hapo kuwa kwake.

Na kupaona kuwa kwake huchukua muda. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na watu wengi humtendea mbwa hivyohivyo: siku ya tatu wanamtarajia abweke. Wanaoshughulika na mbwa wa vituoni hutumia hesabu nyingine, ya siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu. Si sheria ya kisayansi, ni kadirio la watu waliokwisha kuona mbwa wengi. Siku tatu za mwanzo huwa amezidiwa, huenda asile, huenda asilale. Kufikia wiki ya tatu hivi huanza kuelewa saa za nyumba, na hapo tabia ambazo hukuziona huanza kujitokeza, nzuri na mbaya. Miezi mitatu ikifika, ndipo unapoweza kusema unamjua.

Mbwa niliyemchukua mimi alikuwa dume wa kilo 38, mweusi mgongoni na kahawia miguuni, mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 5. Tulimwita jina alilokuja nalo, Simba. Usiku wa kwanza alisimama. Hakulala wala hakulia, alisimama tu karibu na mlango wa jikoni akitazama geti mpaka kukapambazuka, na nilipotoka saa kumi na moja alfajiri ugali wake ulikuwa umekauka kwenye sufuria bila kuguswa. Mzee anayetulindia geti alimtazama kwa wiki nzima, kisha akaniambia, "Huyu hana kazi. Hata kubweka hajui." Nikamwomba, "Mzee, tumpe muda." Katika wiki ya saba, usiku wa manane, mtu alitikisa mabati upande wa nyuma, na Simba akabweka mara tatu, sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kutoka kwake. Asubuhi Mzee alikuwa akimchania kupe kwa mkono wake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Hizo siku za mwanzo zina hatari moja kubwa kuliko zote, nayo ni geti. Mbwa aliyehamishwa juzi hajui kwamba hapa ni nyumbani. Geti likifunguliwa gari lipite, atatoka, na akishatoka hana harufu ya kumrudisha. Mwekee namba ya simu shingoni tangu kituoni, usingoje kufika. Kwa wiki mbili au tatu asiwe huru uwanjani geti linapofunguliwa, na akitembezwa nje afungwe mikanda ya kifuani pamoja na ule wa shingoni, maana mbwa anayeogopa hurudi nyuma na kuchomoa kichwa kwenye mkanda wa shingo kwa wepesi wa kushangaza. Usimwogeshe siku ya kwanza. Usiwaalike ndugu waje kumwona. Kama una mbwa mwingine, wakutanishe nje ya boma, watembee sambamba kwa umbali, kila mmoja na mtu wake, kabla ya kuingia pamoja. Kuhusu kuku na paka, chukulia kwamba atawakimbiza mpaka atakapokuonyesha vinginevyo. Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao hata dakika moja, awe mpole namna gani, kwa kuwa hata furaha ya mkia wa mbwa mkubwa inatosha kumwangusha mtoto wa miaka miwili, na watoto wengi hung'atwa na mbwa wanaowajua.

Jambo dogo ambalo husahauliwa: lugha. Mbwa aliyelelewa katika nyumba iliyozungumza Kiingereza huenda akaketi mara moja akiambiwa "sit" na akakutazama tu ukimwambia "keti". Watu humwita mjinga bure. Mbwa husoma mkono kuliko neno, kwa hiyo tumia ishara ileile pamoja na neno jipya, na baada ya siku chache atakuwa amehama lugha.

Kwa upande wa afya, mbwa wa KSPCA huwa wamechanjwa na kuhasiwa au kufungwa kizazi kabla ya kutolewa, na kituo chochote unachokiendea unapaswa kukidai hivyo. Chanjo isiyo na mjadala ni ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyetoka viungani mwa Nairobi, na bado tunaishi nao. Duniani unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifa hivyo kufikia mwaka 2030. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chukua cheti cha chanjo, soma tarehe, na usikose ya mwaka unaofuata. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, awe wako au wa jirani, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Baada ya hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo katika wiki ya kwanza na umwombe mambo ambayo hayaonekani kwa macho. Damu ikaguliwe kwa vimelea vinavyoletwa na kupe, hasa Babesia na Ehrlichia, kwa maana mbwa anaweza kubeba Ehrlichia kwa muda mrefu akionekana mchovu tu, na watu wakadhani ni uzee. Kama aliwahi kuzurura, akaguliwe sehemu za siri na pua kwa ule uvimbe wa saratani unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wakati wa kujamiiana. Unatisha kwa kuuona, unatoa damu, lakini ni miongoni mwa saratani chache ambazo hupona vizuri kwa dawa, kwa kawaida vinkristini inayodungwa kila wiki kwa wiki kadhaa. Mbwa asiachwe kituoni kwa sababu hiyo peke yake. Kuna pia mnyoo uitwao Spirocerca lupi, ambao mbwa humpata kwa kula mende wa mavi au kiumbe aliyekula mende huyo, na ambao hujenga vifundo kwenye umio. Mbwa anayetapika mara kwa mara baada ya kula asipuuzwe.

Ukubwa wenyewe nao una gharama zake mwilini. Nyonga huchakaa mapema, hasa kwa German Shepherd na machotara wake, kwa hiyo mtazame akiinuka kutoka chini: anayeinuka kwa kujivuta na miguu ya mbele anakuambia habari za nyuma. Mbwa wenye vifua virefu hupatwa na hali ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, ambayo huua kwa saa chache. Tumbo likivimba kama ngoma na mbwa akijaribu kutapika bila kutoa kitu, hakuna dawa ya nyumbani, ni kukimbilia kwa daktari. Mlishe mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na asikimbizwe mara tu baada ya kula. Na mbwa wakubwa huzeeka haraka kuliko wadogo: wa kilo 40 akiwa na miaka 7 au 8 ni mzee. Atakayemchukua wa miaka 5 ajue kwamba amechukua miaka michache, na kwamba ile ya mwisho itahitaji mkeka mnene na ngazi chache.

Kisha chakula, ambacho ndicho kinachowarudisha wengi kituoni mwezi wa pili. Mbwa wa kilo 35 aliyehasiwa na anayetembezwa kiasi huhitaji takriban kilokalori 1,600 kwa siku. Nusu kilo ya unga wa mahindi ina nguvu hizo zote, hata na zaidi kidogo, na ndiyo maana mbwa anayelishwa ugali mtupu anaweza kunenepa huku misuli yake ikiisha: ameshiba nguvu, amekosa protini na kalsiamu. Ugali na omena ni mlo bora kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa omena huliwa na mifupa yake. Matumbo na mapafu kutoka buchani yanafaa pia, ila yachemshwe. Hili silisemi kwa ajili ya usafi tu. Mbwa anayekula viungo vibichi vya mbuzi au kondoo hupata tegu aitwaye Echinococcus, na mayai yake yakimfikia binadamu hukua kuwa uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana ilijulikana kwa kuwa na viwango vya ugonjwa huo vilivyokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na shirika la afya la AMREF liliendesha kampeni dhidi yake huko tangu miaka ya 1980, likiwamo suala la kuwapa mbwa dawa za minyoo. Dawa hiyo, prazikwanteli, hupatikana kwa urahisi. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika kwa ncha kali, na vitunguu, chokoleti na zabibu viwe mbali naye.

Kwa wanaoishi Mombasa, Lamu, Unguja au popote penye majirani Waislamu, kuna suala ambalo makala za mbwa huliruka na ambalo halimruki mtu akishafika nyumbani. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mafundisho hayohayo yanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na yanahimiza huruma kwa wanyama wote. Jirani anayevuta kanzu yake pembeni mbwa anapopita hajamchukia mbwa wako, anatunza twahara ya nguo zake. Mfupishie kamba, vuka upande wa pili, mjengee banda mbali na ukuta unaopakana na ua wao, na zungumza nao kabla mbwa hajaja. Mbwa mkubwa aliyekomaa ana faida hapa kuliko mtoto, kwa kuwa hana ile tabia ya vitoto ya kumrukia na kumlamba kila mpita njia.

Mwisho kuna jambo ambalo watu huona haya kulizungumza, nalo ni kushindwa. Wakati mwingine haiwezekani. Mbwa hapatani na aliyetangulia, au mtoto amepata mzio, au kazi imehamia mji mwingine. Vituo makini huandikishana na mchukuaji kwamba mbwa akishindikana arudishwe palepale, asigawiwe mtu wa tatu na asiachiwe barabarani, na sharti hilo ni la kumlinda mbwa. Anayemrudisha asijifiche wala asitoe sababu za uongo kwa aibu. Aketi na mhudumu na aandike yote aliyoyaona: kwamba huogopa fagio, kwamba hulala vizuri akisikia redio, kwamba aliishi na paka wiki sita bila kumgusa, kwamba hubweka mtu akipita nyuma ya ukuta lakini hunyamaza akiitwa jina. Mhudumu hawezi kuyajua hayo kwa kumtazama kupitia wavu. Karatasi hiyo itaning'inizwa mlangoni mwa banda, na atakayepita baada yako ataisoma kabla hajaisikia ile kelele.